Uwanda wa Ruzizi unaweza kutulisha. Nani anatuzuia?

Uvira, mwezi wa tisa 2023



Mwezi wa tisa umefika. Kuanzia Kamanyola mpaka Kavimvira, watu wanaangalia mawingu juu ya milima na wanajiuliza: tupande sasa, ao tungoje? Jembe liko. Mbegu ziko, hata kama wengi wamezikopa. Kile kinakosekana ni maji kufika shambani, na uhakika kwamba ule anapanda leo atakuwa hapo siku ya kuvuna. Sisi vijana wa uwanda huu, wengine wanafunzi, wengine wamotari, wengine wakulima toka utoto, tumechoka kusikia jina la Ruzizi paka siku watu wamekufa. Leo tunataka kusema juu ya udongo wenyewe na maji yake, halafu tuseme kile tunadai.

Kwa wandugu wa Kinshasa, Kisangani na kwingine ambao hawajafika huku, tuanze na njia ya mto. Ruzizi inatoka Ziwa Kivu pale Bukavu, karibu mita 1,460 juu ya bahari. Inaingia Ziwa Tanganyika karibu mita 770. Urefu wake wote ni kama kilomita 117, lakini katika safari hiyo fupi inashuka karibu mita 700. Mwanzo wake ni korongo la mawe, maji yanakimbia kwa kelele, na ndiyo maana mitambo ya umeme iliwekwa huko juu: Ruzizi ya Kwanza mwishoni mwa miaka ya 1950, Ruzizi ya Pili mwaka 1989. Ikifika Kamanyola, milima inafunguka. Hapo mto unapunguza mwendo, unajikunja sawa nyoka, na uwanda unaanza. Magharibi uko na milima ya Itombwe. Mashariki, ng'ambo ya mto, uko na Bugarama ya Rwanda na kisha Imbo ya Burundi. Ni bonde moja la ufa, udongo mmoja, joto moja. Kilichogawanya ni mpaka, na mpaka huo tutaurudilia.

Udongo huu haukutoka hewani. Mito inayoshuka toka Itombwe, Luberizi, Sange, Runingu, Kiliba na mingine, imeuleta kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka, na sehemu za chini za uwanda zilikuwa zamani tumbo la ziwa. Ndiyo maana hapa unaona mihogo, muhindi, mupunga, karanga, nyanya, vitunguu, miwa, maembe, vyote katika eneo moja. Lakini kuna jambo ambalo mgeni hawezi kuliona akipita na gari: mvua ya uwanda ni ndogo. Mawingu yanamwaga milimani, na huku chini miaka mingi hata milimita 1,000 hazifiki. Toka mwezi wa sita mpaka wa tisa ardhi inapasuka. Uwanda wa Ruzizi una rutuba, ndiyo, lakini rutuba yake inaamka paka ukiipa maji ya mfereji. Bila mfereji unapata msimu mmoja, na huo mmoja ni wa bahati. Ukiwa na mfereji mzima, mupunga unavunwa mara mbili kwa mwaka.

Shikeni neno hilo, mfereji. Tutarudi kwake.

Tukiwa shuleni, historia ya uwanda huu tulifundishwa kidogo sana, na kile kidogo kilikuwa cha wazungu waliopita. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Uvira wakitafuta chanzo cha Nile. Walitaka kujua kama Ruzizi inatoka ziwani ao inaingia. Wenyeji waliwaambia: inaingia. Hawakufika kwenye mdomo wa mto kuona wenyewe, na Ulaya iliendelea kubishana miaka mingi, mpaka mwaka 1871 Livingstone na Stanley walipopiga makasia mpaka pale na kukuta kwamba, ndiyo, inaingia. Miaka 13 ya mabishano juu ya jambo ambalo mvuvi yeyote wa Uvira alilijua! Tunacheka, lakini tabia hiyo haijakwisha. Mpaka leo wanakuja watu na magari meupe kufanya utafiti juu ya uwanda, wanauliza wakulima, wanarudi kwao, na miaka mitatu baadaye wanakuja wengine kuuliza maswali yaleyale.

(Tena wataalamu wa mawe wanasema kwamba zamani sana maji ya Kivu yalielekea kaskazini, upande wa Nile. Volkano za Virunga ziliziba njia, maji yakapanda, yakatafuta mlango wa kusini. Mlango huo ndiyo Ruzizi yetu. Kwa hiyo Burton hakuwa mjinga kabisa. Alichelewa tu.)

Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilikuwa imetangulia. Uvira ilikuwa kituo cha pembe, na watu pia waliuzwa. Kiswahili hiki tunachoandika kilipanda na njia hizo za ziwa, pamoja na minyororo, na hatuoni sababu ya kulificha. Kisha wakaja watu wa Leopold II na Wajerumani, wakagombania mstari. Kila mmoja alijua kwamba mwenye kushika uwanda anashika njia kati ya maziwa mawili. Waliishia Brussels mwaka 1910, mto ukawa mpaka. Hakuna mkulima aliyeulizwa. Mwaka 1916 askari wa Force Publique walivuka mto huo kwenda kupigana na Wajerumani, na nyuma yao wapagazi, watu wetu, walibeba mizigo ya vita isiyowahusu.

Pamba ndiyo wazee wetu wanaikumbuka zaidi. Toka mwaka 1917 sheria ya koloni ilimlazimisha mwananchi kulima mazao yaliyochaguliwa na wakubwa, na huku kwetu zao hilo lilikuwa pamba. Ulilima, ulipeleka kwenye mizani, ulipewa bei ambayo hukuijadili. Ukikataa, kulikuwa fimbo. Baadaye, miaka ya mwisho ya ukoloni, walikata vipande vya mashamba, wakachimba mifereji, na Kiliba kukajengwa kiwanda cha sukari. Hatuandike haya kwa kusifu ukoloni. Mifereji ile ilichimbwa na mikono ya babu zetu, kwa faida ya wengine. Lakini ilichimbwa, na maji yalipita. Leo tuko nchi huru toka 1960, na sehemu kubwa ya maji tunayoyapata yanapita bado katika alama za mifereji ya zamani iliyojaa mchanga. Hiyo ni aibu yetu sote, wakubwa mbele.

Mwaka 1964 waasi wa Mulele waliichukua Uvira mwezi wa tano. Mwezi uliofuata Mobutu alikuja Kamanyola, na pale kwenye daraja kulikuwa mapigano ambayo baadaye yalifanywa hadithi kubwa ya utawala wake. Divisheni ya jeshi ikaitwa Kamanyola. Mashua ya rais ikaitwa Kamanyola. Uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa, huu unaoitwa leo Stade des Martyrs, nao ulianza na jina la Kamanyola. Sasa, mtu yeyote aende Kamanyola yenyewe atuambie: jina hilo lilileta nini? Ulikuja mfereji? Yalikuja maji safi ya kunywa? Uwanda ulitoa jina, ukabakia na vumbi.

Kisha 1996. Kambi za wakimbizi wa Burundi na Rwanda zilikuwa zimejaa kandokando ya barabara yetu, zaidi ya watu laki mbili katika eneo la Uvira. Mwezi wa kumi vita iliyomwangusha Mobutu ilipita hapa kwanza, na Uvira ilianguka kabla ya Bukavu na Goma. Mauaji ya siku hizo, ya wakimbizi na ya wananchi, yako katika ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotolewa mwaka 2010. Mpaka leo hakuna korti iliyoundwa kwa ajili yake. Mwaka huohuo wa 1996 mashine za Kiliba zilinyamaza. Baba za wenzetu walikuwa na mshahara pale, na nyumba, na kadi ya hospitali. Mwenzetu mmoja alizaliwa mwaka kiwanda kilipofungwa. Amekuwa mtu mzima akisikia kila kampeni ya uchaguzi kwamba kitafunguliwa, na sasa yeye mwenyewe ana watoto wawili.

Tunaweza kuendelea: Sange, tarehe 2 mwezi wa saba 2010, lori la mafuta lilipinduka, likawaka, zaidi ya watu 230 wakafa, wengi wao wakiwa wanaangalia mpira wa Kombe la Dunia. Mutarule, mwezi wa sita 2014, zaidi ya watu 30 waliuawa usiku. Kila mara wakubwa walikuja, walilia, walituma masanduku. Halafu barabara ikarudi kuwa ileile, na usiku ukarudi kuwa uleule.

Sasa tuseme wazi kile tunafikiri.

Kwa miaka zaidi ya mia moja, kila mwenye nguvu ameuona uwanda huu kama njia. Njia ya pembe, njia ya jeshi, njia ya malori toka Tanzania na Burundi kupanda Bukavu. Hata mpaka leo inaitwa korido. Korido ni kitu cha kupita, hakuna mtu anayekaa ndani yake, hakuna anayeuliza kama mwenye kuishi hapo amekula. Na mtu akikuona uko kwenye korido yake, anakuona kama kizuizi, ao kama mtu wa kutoza. Tunaamini hapo ndipo shida nyingine nyingi zinaanzia.

Angalieni baryeri. Mama anatoka shambani na magunia mawili ya mupunga juu ya moto. Kabla ya kufika sokoni anasimamishwa, anatoa franka. Mbele kidogo anasimamishwa tena, anatoa tena. Wenzetu wawili walisafiri naye siku moja ili waone kwa macho. Walisimamishwa mara tano. Mara moja tu walipewa karatasi. Mama aliwaambia: «Mimi naona sasa niko nalimia baryeri, haiko watoto.» Tukafanya hesabu naye jioni, na alikuwa na haki. Kilichobakia hakikufika bei ya mbolea. Halafu mtu wa Bukavu anashangaa kwa nini anakula mupunga uliovuka bahari, wakati Luvungi iko karibu hivi!

Na barabara yenyewe? Mtu anayetoka Bukavu kwenda Uvira bila kutoka nchini mwake lazima apite milima ya Ngomo, kwenye kona ambazo malori yanaanguka mvua ikinyesha. Wengi wanaona afadhali kupitia Rwanda, wavuke Ruzizi, washuke Bugarama, waingie tena Congo pale Kamanyola, na watoe pesa mipakani. Mkongomani anaomba ruhusa ya nchi nyingine kwenda kutoka kwake kwenda kwake. Nyanya haziwezi kungoja mambo hayo. Nyanya zinaoza.

Tunakuja kwenye jambo gumu, na tunajua wengine watatukasirikia. Kila tukikaa kuzungumza juu ya uwanda, dakika kumi hazipite bila mtu kuuliza: «Udongo huu ni wa nani?» Bafuliiru wanajibu hivi, Barundi wanajibu vile, Bavira wako na lao, Banyamulenge na ng'ombe zao wako na lao, na kila mmoja anatoa babu yake kama shahidi. Hatusemi historia hizo ni uongo. Tunasema kwamba swali hilo, vile linavyoulizwa, limetumiwa na watu ambao hawana hata shamba moja hapa. Wanakaa mbali, wanapiga simu, na kijana wa Bwegera anachukua silaha. Mabishano juu ya nani ni mwami wa sheferi yamegharimu damu nyingi kuliko ukame wowote.

Leta inajua hilo na inanyamaza. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema udongo wote ni wa Leta. Kifungu cha 389 kiliahidi kwamba amri ya rais itapanga haki za wale wanaoishi kwenye ardhi ya kimila. Miaka 50 imepita. Amri hiyo haijatoka. Katika tundu hilo la sheria kila mtu anaingia: mwenye pesa toka mjini ananunua hekta na karatasi, familia inayolima hapo toka babu inasikia habari siku tingatinga inafika, mwingine analima shamba la mtu na kutoa nusu ya mavuno, na mwaka ujao anafukuzwa juu ya mwingine ameahidi zaidi. Mwanamke analima miaka 20, mume akifa, ndugu za mume wanakuja kupima.

Na ng'ombe. Kiangazi zinashuka toka milima ya juu kutafuta majani na maji, jambo la zamani, lenye akili yake. Mchungaji anatoa kodi ya kimila, ile wanaita itulo, kwa wakubwa wa kijiji. Lakini mkulima ambaye muhogo wake umekanyagwa haoni hata kidogo cha pesa hiyo. Kwa hiyo mchungaji anasema nimelipa, mkulima anasema sijalipwa, na wote wawili wana haki. Aliyekula katikati hayupo siku wanapopigana. Tunawaomba wandugu wachungaji na wandugu wakulima waangalie vizuri hapo kabla ya kuangaliana wao kwa wao.

Sisi tunapendekeza kuanza na swali lingine: nani anasafisha mfereji? Maji hayaulizi kabila. Mfereji ukiziba juu, wa chini wote wanakosa, Mufuliiru na Murundi na Mushi aliyehamia juzi. Mahali ambapo tumeona wakulima wako na kamati ya maji inayofanya kazi, yenye zamu zinazoandikwa na daftari ambalo kila mtu anaweza kusoma, tumeona pia ugomvi unaishia kwenye daftari. Hatusemi ni dawa ya kila kitu. Mwenye bunduki hasomi daftari. Lakini ni pahali pa kuanzia ambapo hakuhitaji kungoja Kinshasa.

Kinshasa nayo hatuiachi. Mwaka 2003, kule Maputo, nchi za Umoja wa Afrika, yetu ikiwa ndani, ziliahidi kutoa asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Tunataka waheshimiwa wetu, wale waliochaguliwa Uvira na ambao watakuja kuomba kura mwezi wa kumi na mbili, watuambie hadharani ni kiasi gani kilipigiwa kura mwaka huu, na kiasi gani kilishuka mpaka hapa. Tunadai amri ile ya ardhi ya kimila itoke, na iandike jina la mwanamke kama mwenye haki. Tunadai kila baryeri isiyo na karatasi ya sheria itoke barabarani kati ya Kamanyola na Uvira, na zile zinazobaki zibandike bei zao pale watu wanaona. Tunadai barabara ya Ngomo itengenezwe kweli, siyo kumwagiwa mawe wiki moja kabla ya waziri kupita. Umeme: maji ya Ruzizi yanazungusha mashine, waya zinapita juu ya vichwa vyetu, na vijiji vingi chini yake vinakaa na kandili. Wakati wanaongea juu ya Ruzizi ya Tatu, tunataka kujua ni kijiji gani cha uwanda kitawaka, na tarehe gani. Pampu ya umeme inaweza kuleta maji shambani wakati wa kiangazi.

Na juu ya Kiliba tunaomba kitu kidogo tu: ukweli. Kama kiwanda kitafunguliwa, tuonyeshwe mkataba. Kama hakitafunguliwa, mashamba yale ya miwa yagawiwe kwa utaratibu unaoonekana, wazee waliofanya kazi pale wakiwa wa kwanza kusikilizwa juu ya haki zao ambazo hawajalipwa.

Kuna mtu atasema: ninyi vijana mnaongea tu. Basi. Jumamosi hii tutafanya salongo kwenye mfereji mmoja kati ya Sange na Luvungi, ule ambao mchanga umeujaza toka mvua za mwezi wa nne. Tumeongea na kamati ya maji na wakubwa wa vijiji vitatu, pamoja na wachungaji ambao ng'ombe zao zinakunywa hapo. Tunaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya jua kali. Atakayekuja alete mpaweli ao jembe, na maji yake ya kunywa. Hakuna perdiem, hakuna tisheti ya chama chochote, na mgombea akija na wapiga picha wake atapewa mpaweli kama wengine. Daftari la kazi litakuwa pale chini ya muembe: jina, kijiji, mita ulizochimba.